Shajara ya mradi: kuiingiza ndoa katika hesabu ya watu wa Lubumbashi

Lengo la mradi ni kupata modeli ya idadi ya watu ambamo mtoto anazaliwa na watu wawili waliokutana. Makadirio mengi yanayotumika maofisini huhesabu wanawake tu. Huchukua wanawake wa kila umri, hupigia hesabu watoto watakaowazaa, kisha wanaume huongezwa mwishoni ili jumla itimie. Kwa Lubumbashi njia hiyo haitoshi. Vijana wa kiume huingia na kutoka mjini wakifuata migodi ya Kolwezi, Likasi na Kipushi, na biashara ya mpakani Kasumbalesa. Wakiondoka wengi, wanawake waliobaki hawazai kama hesabu ya kawaida inavyodhani. Wakirudi wengi, umri wa kuolewa unashuka. Katika hesabu ya jinsia moja mambo haya hayaonekani kabisa.

Hapa tunaandika kila toleo la modeli, kilichowekwa ndani, kilichoharibika na sababu yake, ili mwenzetu wa Goma, Kisangani au Kigoma anayetaka kufanya kazi kama hii asianze na ukurasa mtupu.

Maandalizi: jinsia mbili, majibu mawili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ufaransa. Mwaka 1932 mwanademografia Robert Kuczynski alichapisha hesabu ya kizazi kujirudishia (ikiwa 1, kila kizazi kinajaza nafasi yake kamili) kwa takwimu za Ufaransa za 1920 hadi 1923. Alipohesabu kwa upande wa wanawake alipata 0.977, yaani taifa linapungua polepole. Alipohesabu kwa upande wa wanaume alipata 1.194, yaani linaongezeka karibu sehemu moja kwa tano kila kizazi. Nchi ileile, miaka ileile, watoto walewale. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimeua wanaume wengi, kwa hiyo watoto waliozaliwa wakigawanywa kwa baba wachache waliobaki, kila baba anaonekana mzazi hodari. Majibu yote mawili ni sahihi kwa miaka hiyo, lakini hayawezi kudumu pamoja: yakiendelea hivyo, baada ya vizazi kadhaa modeli ya wanaume itakuwa na taifa kubwa na modeli ya wanawake taifa dogo, na yote mawili yanadai kuwa Ufaransa.

Kinachokosekana ni kiungo kati ya pande mbili. Kiungo hicho ndicho wanademografia wanakiita kanuni ya ndoa: ipe idadi ya wanaume wasio na ndoa na idadi ya wanawake wasio na ndoa, nayo ikurudishie idadi ya ndoa mpya za mwaka. Kazi yetu yote ni kuchagua kanuni hiyo vizuri.

Mji wetu wenyewe ni somo. Elisabethville ya 1910 (jina la zamani la Lubumbashi) na kambi za kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga zilianza na wanaume wa mikataba mifupi, wanawake wakiwa wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera, ikataka mfanyakazi aje na mke wake na akae. Modeli ya wanawake peke yao ingeona tu kwamba wanawake wameongezeka. Isingeona kwamba mwanamke anayefika mahali penye wanaume wengi huolewa upesi, na kwamba mjane hakai muda mrefu bila kuposwa.

Data na usafishaji wake

Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika 1984. Kwa hiyo nguzo yetu ni uchunguzi wa EDS (uchunguzi wa kitaifa wa watu na afya) wa 2007 na ule wa 2013–14, ambao ulipata watoto 6.6 kwa kila mwanamke kwa nchi nzima. Wanawake huhojiwa kuanzia miaka 15 hadi 49, wanaume 15 hadi 59. Tunaongezea rejista za etasivili (ofisi ya serikali inayoandikisha uzazi, ndoa na vifo) za komine, yaani wilaya za mji.

Tatizo la kwanza ni umri. Watu wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Kabla ya kutumia faili lolote tunapima kwa kipimo cha Whipple: chukua watu wote wa miaka 23 hadi 62, hesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa jumla ya wote, zidisha kwa 100. Ukipata 100 hakuna mrundikano. Ukipata 500 kila mtu ametaja 0 au 5. Tukivuka 125 hatutumii umri wa mwaka mmoja mmoja. Tunabaki na makundi ya miaka mitano, kisha tunayagawanya kwa mkunjo laini.

Tatizo la pili ni kwamba hesabu ya waume na hesabu ya wake hazilingani. Wanawake waliosema wameolewa huwa wengi kuliko wanaume waliosema wameoa. Sehemu ya tofauti ni wake wawili wa mume mmoja. Sehemu ni waume walio mbali siku ya mahojiano. Sehemu ni mwanaume anayejiita kapera ilhali mwanamke anayekaa naye anajiita mke. Usilazimishe pande zilingane mapema. Tofauti hiyo ni habari, nasi tunaihitaji katika toleo 0.5.

La tatu ni nini kihesabiwe kuwa ndoa. Katika mji huu mahari inaweza kutolewa mwaka huu, kanisa likafuata baadaye, na etasivili ikaja mwisho au isije. Ukitumia tarehe ya rejista ya komine, umri wa kuoa unapanda bila sababu, maana watoto wawili watatu wamekwisha kuzaliwa. Modeli inaita ndoa kila muungano wa watu wanaokaa pamoja, kwa sababu ndimo watoto wanamozaliwa, na safu tatu za pembeni zinaonyesha kama mahari, kanisa na etasivili vimepatikana. Anayetafuta ndoa za kisheria tu atachuja mwenyewe.

Wastani wa umri wa ndoa ya kwanza tunautoa kwa njia ya mwanademografia John Hajnal ya 1953, ambayo inahitaji tu sehemu ya watu ambao hawajawahi kuoa katika kila kundi la umri. Kwa tarakimu za mfano (si za uchunguzi wowote), wanawake wa makundi saba kuanzia 15–19 hadi 45–49 wawe 0.78, 0.38, 0.15, 0.07, 0.04, 0.03, 0.02. Jumla ni 1.47. Zidisha kwa 5, upate 7.35, ongeza 15, upate 22.35. Ondoa 50 mara 0.02, yaani 1.00, kwa ajili ya wale ambao hawataolewa; baki 21.35. Gawanya kwa 0.98: miaka 21.8. Wanaume wawe 0.98, 0.80, 0.42, 0.17, 0.07, 0.04, 0.03: jumla 2.51, na kwa hatua zilezile unafika miaka 26.9. Pengo ni miaka 5. Tutalitumia pengo hili mpaka mwisho wa shajara.

Angalizo kwa mji wa wahamiaji: njia ya Hajnal inadhani kwamba wasio na ndoa na wenye ndoa wanahama sawa. Hapa makapera ndio wanaohama zaidi. Wakifika mjini kwa wingi wanapandisha umri wa kuoa wa wanaume wa Lubumbashi hata kama hakuna aliyechelewa kuoa. Kwa sababu hiyo tunahesabu mara mbili, wazaliwa wa mji peke yao na wote pamoja, na tofauti inatupa kipimo cha kwanza cha uhamiaji.

Toleo 0.1: kanuni nne mezani

M ni wanaume wasio na ndoa, K ni wanawake wasio na ndoa. David Kendall aliweka suala hili katika milinganyo mwaka 1949, na kanuni zilizojadiliwa tangu hapo ni za aina chache. Tumezipima zote kwa M = 100 na K = 400.

Wastani wa kawaida, (M + K)/2, unatoa 250. Wanaume ni 100 tu, ndoa zimekuwa 250. Mbaya zaidi, M ikiwa 0 bado unapata ndoa 200. Kanuni hii tumeitoa bila mjadala, ingawa bado inajificha ndani ya programu nyingi zinazotafuta "njia ya kati" kati ya hesabu ya wanawake na hesabu ya wanaume.

Wastani wa kijiometri, kipeuo cha pili cha M × K, unatoa 200. M ikiwa 0 ndoa ni 0, vizuri. Lakini mwanaume mmoja kati ya wanawake 10,000 anatoa 100.

Kiasi kidogo zaidi, yaani M au K ilivyo ndogo, kinatoa 100. Hapa kamwe hakuna ndoa kupita watu waliopo. Kasoro yake ni kona kali: wanawake wakiwa 101 au 10,000 kwa wanaume 100, jibu ni lilelile, na programu ya kutafuta vigezo inakwama pale kwenye kona.

Wastani wa hamoniki, 2MK/(M + K), unatoa 160. Ukiondoa ile 2, yaani MK/(M + K), jibu ni 80 na haliwezi kupita upande wowote hata ukibadili idadi vipi. Robert Schoen ndiye aliyeutetea sana mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuna na kanuni ya tano, M × K bila kugawanya, ambayo waliotoka kwenye modeli za magonjwa huipenda. Ukizidisha idadi ya watu kwa 2, ndoa zinazidishwa kwa 4. Mji mkubwa ungekuwa unaoana kwa kasi mara nyingi kuliko mji mdogo, na modeli inalipuka. Iepukeni.

Masharti tuliyobaki nayo ni manne: ndoa zisiwe hasi, upande mmoja ukiwa 0 ndoa ziwe 0, pande zote zikizidishwa kwa 2 ndoa nazo ziwe mara 2, na kuongeza watu upande wowote kusipunguze jumla ya ndoa. Hamoniki inapita yote. Tumeichukua.

Toleo 0.2: ndoa zinazoishi na kufa

Tulifuata muundo wa Hadeler, Waldstätter na Wörz-Busekros wa 1988. Watu wamegawanyika sehemu tatu: M, K, na N, ambayo ni idadi ya ndoa zilizopo. Ndoa huzaliwa kwa kanuni ya ndoa, na hufa kwa njia tatu: kifo cha mume, kifo cha mke, talaka. Kifo cha mume kinamrudisha mke kwenye K akiwa mjane. Kifo cha mke kinamrudisha mume kwenye M. Talaka inawarudisha wote wawili.

Badiliko la N kwa mwaka = ρ × 2MK/(M + K) − (m + k + t) × N. Hapa ρ ni kasi ya kuoana, m na k ni viwango vya vifo vya wanaume na wanawake, t ni talaka. Badiliko la K = nusu ya b × N (watoto wa kike), kuongeza (m + t) × N, kutoa k × K, kutoa ndoa mpya. La M ni hivyohivyo kwa kubadilisha nafasi. b ni watoto kwa ndoa kwa mwaka.

Kabla ya kuiamini programu, ijaribuni mahali ambapo jibu linajulikana kwa kalamu na karatasi. Fanya pande zote sawa: m = k = 0.02, t = 0.01. Hesabu inaonyesha kwamba idadi ya watu inasimama palepale pale tu ambapo b = 2m × (1 + (2m + t)/ρ). Kwa ρ = 0.1 kizingiti ni 0.06; kwa ρ = 0.2 ni 0.05; na hata watu wakioana papo hapo hakishuki chini ya 0.04. Kwa b = 0.2 na ρ = 0.1, ukuaji unatakiwa uwe 0.0343 kwa mwaka, na katika kila wanaume 100, wenye ndoa wawe 54. Ukiongeza ρ iwe 0.2, ukuaji ni 0.0473. Programu ikitoa tofauti katika tarakimu ya nne, tafuta kosa kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni wajane waliosahauliwa kurudishwa kwenye K.

Hatua ya muda ni mwezi mmoja, 1/12 ya mwaka, kwa njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, ambayo hutatua milinganyo ya mabadiliko hatua kwa hatua. Hali nzima ya modeli inahifadhiwa kwenye diski kila baada ya miaka 10 ya modeli, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mbio ndefu kila kitu kinaanza upya.

Udhaifu wa toleo hili unaonekana mara moja: mtoto anazaliwa leo na kesho yumo kwenye M au K, anaweza kuoa. Ndiyo maana ukuaji umekuwa mkubwa mno. Tulijaribu kuweka ucheleweshaji wa miaka 15. Ulisaidia, lakini hauwezi kuonyesha pengo la umri. Umri lazima uingie kwa ukamilifu.

Toleo 0.3: umri, na mtego wa makundi

Sasa kuna M ya kila umri i na K ya kila umri j, na ndoa za kila jozi (i, j). Wa kwanza kuandika nadharia kamili ya jambo hili alikuwa Fredrickson, 1971. Wengi wanachofanya ni kuweka hamoniki ndani ya kila chumba cha jedwali: ndoa(i, j) = ρ(i, j) × M(i)K(j)/(M(i) + K(j)). Ni rahisi, na ina mtego.

Chukua wanaume 100 na wanawake 100, ρ = 1. Ndoa ni 50. Gawa wanawake katika makundi mawili ya 50, bila kubadilisha mtu yeyote: kila chumba kinatoa 33.3, jumla 66.7. Gawa na wanaume pia: vyumba vinne vya 25, jumla 100. Toka makundi ya miaka mitano hadi mwaka mmoja mmoja, pande zote mbili zikigawanywa kwa 5: vyumba 25 vya ndoa 10, jumla 250. Hakuna aliyezaliwa wala aliyehamia, ndoa zimekuwa mara tano na zimewapita watu wenyewe. Kwa hiyo ρ iliyotafutwa kwa makundi ya miaka mitano haifai kabisa kwa makundi ya mwaka mmoja. Tumeona majedwali yaliyochanganya mambo haya, na kosa halijitangazi: programu inakimbia vizuri na grafu inapendeza.

Kasoro ya pili ni ya maana zaidi kwa kinachotokea mtaani. Katika kanuni hii, wasichana wa miaka 24 wakiongezeka ghafula katika komine ya Katuba hapa mjini, wale wa miaka 22 hawaguswi. Kila chumba kinajitegemea. Lakini wanaume ni walewale. Kanuni ya ndoa isiyo na ushindani kati ya rika na rika haielezi ndoa.

Dawa moja ni kuweka jumla ya wote wanaotafuta kwenye kigawanyo badala ya M(i) + K(j). Makundi yakigawanywa jibu halibadiliki, na ushindani unaingia. Tuliishika dawa hii kwa muda kama kipimo cha kulinganishia, lakini inamfanya mwanamke wa miaka 45 ashindane na wa miaka 18 kwa nguvu sawa, isipokuwa ukiweka mizani ya umri, na mizani hiyo nayo inahitaji kutafutwa.

Toleo 0.4: Choo na Siow

Wanauchumi Eugene Choo na Aloysius Siow walichapisha mwaka 2006 kanuni inayotokana na uchaguzi wa watu wenyewe: ndoa(i, j) = P(i, j) × kipeuo cha pili cha [S(i) × S(j)], ambapo S ni wale waliobaki bila ndoa mwisho wa mwaka, na P ni faida ya jozi ile ikilinganishwa na kila mmoja kukaa peke yake. Kwa kuwa waliobaki ndio wanaotumika, ushindani uko ndani tayari: rika jipya likija linachukua wanaume, S ya wanaume inapungua, na kila jozi nyingine inahisi.

S haijulikani mwanzoni; inatafutwa hivi. Ita a(i) kipeuo cha pili cha S ya wanaume wa umri i, na b(j) cha wanawake wa umri j.

1. Anza na b(j) = kipeuo cha pili cha K(j).
2. Kwa kila i, hesabu c = jumla ya P(i, j) × b(j) kwa j zote, kisha a(i) = −c/2 + kipeuo cha pili cha (c²/4 + M(i)).
3. Kwa kila j, fanya vivyo hivyo kwa kutumia a na K(j), upate b(j) mpya.
4. Rudia 2 na 3 mpaka badiliko kubwa kuliko yote liwe chini ya sehemu moja kwa bilioni.
5. Ndoa(i, j) = P(i, j) × a(i) × b(j).

Jaribio: kundi moja kila upande, P = 1, M = 100, K = 200. Lazima upate ndoa 66.67, wanaume 33.33 na wanawake 133.33 wakibaki. Angalia vizuri tarakimu hizo: 66.67 ni MK/(M + K) kamili. Hamoniki ya toleo 0.1 ni kanuni hii pale P ni 1 na rika ni moja. Kwa hiyo hatukutupa kazi ya nyuma, tumeipanua.

Mtego wa makundi bado upo lakini una dawa safi. Ukigawa wale wanawake 200 katika makundi mawili ya 100 bila kugusa P, ndoa zinapanda hadi 76.4. Ukigawanya P kwa kipeuo cha pili cha 2, zinarudi 66.67. Kutoka miaka mitano hadi mwaka mmoja kwa pande zote mbili, gawanya P kwa 5.

P yenyewe inapatikana kwa kugeuza kanuni: ndoa zilizoonekana katika uchunguzi, kugawanya kwa kipeuo cha pili cha S mbili zikizidishwa pamoja. Hapa kuna hatari ya vyumba vitupu. Uchunguzi usipokuta mwanaume wa 41 aliyeoa mwanamke wa 29, P inakuwa 0 na modeli itakataza ndoa hiyo milele. Tunalainisha P kwa pengo la umri kwanza, na umri wa kuanza kuolewa tunaushika kwa mkunjo wa Coale na McNeil wa 1972, ambao umbo lake linahitaji namba mbili tu: umri wa kuanzia a0 na kasi k, na wastani wake ni karibu a0 + 11.36k. Kwa wastani wetu wa mfano wa 21.8 na a0 = 13, k ni karibu 0.77.

Jambo ambalo halisemwi sana: kanuni hii ni ya hatua nzima, si ya papo kwa papo. Ukipunguza hatua ya muda kutoka mwaka hadi mwezi, hadi siku, huku ukipunguza P, waliobaki wanakaribia kuwa sawa na waliokuwepo, na kanuni inageuka kuwa ule wastani wa kijiometri wenye kasoro. Kwa hiyo vifo na uzazi vinaendelea kwa mwezi, lakini ndoa zinafungwa mara moja kwa mwaka wa modeli, na P ni ya mwaka. Usichanganye P ya mwaka na soko la ndoa la kila mwezi.

Toleo 0.5 (linaendelea): ukuaji, wake wawili, waume walio mbali

Sasa modeli inaweza kujibu swali lililotufikisha hapa. Idadi ya watu ikikua 3% kwa mwaka na waume wakiwa wakubwa kwa miaka 5, mwanaume wa miaka 27 anatoka katika rika dogo kuliko la msichana wa miaka 22, kwa sababu alizaliwa miaka mitano kabla yake, watu walipokuwa wachache. Uwiano ni e kwa kipeo cha −0.15, yaani 0.861. Wavulana huzaliwa zaidi kidogo. Kwa Afrika kusini mwa Sahara tunatumia 103 kwa wasichana 100. Mara 1.03 tunapata 0.887, kabla ya kutoa vifo. Kila wanawake 100 wa umri wa kuolewa wana wanaume kama 89. Hakuna vita wala tabia mbaya ya mtu katika hesabu hiyo. Ni kasi ya uzazi na pengo la umri, basi.

Wanawake 11 wanaobaki wanakwenda wapi? Katika tarakimu zetu za mfano ni 2% tu ambao hawajaolewa wakifikia 50, kwa hiyo hawabaki nyumbani. Njia ni chache: pengo la umri linapungua, wanaume waliofiwa au walioachana wanaoa tena, au mwanaume anakuwa na wake zaidi ya mmoja. Kanuni ya Familia ya Kongo, sheria ya 1 Agosti 1987, haitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza ipo, lakini watoto wa mke wa nje wanazaliwa na kuhesabiwa. Modeli haiwezi kumfumbia macho mama yao.

Tumegawa waume katika N1 (mke mmoja) na N2 (wake wawili). Mwanaume wa N1 anaingia sokoni akiwa na uzito w kati ya 0 na 1; w ikiwa 0 tunarudi kwenye mke mmoja. Mke mmoja wa N2 akifa, mume anarudi N1. Mume wa N2 akifa, wajane wawili wanarudi K. Kuna ukaguzi unaofanywa kila hatua: K + N1 + 2 × N2 lazima ibadilike kwa kuzaliwa, kufa na kuhama tu. Tofauti yoyote nyingine ina maana kuna mwanamke amehesabiwa mara mbili au amepotea. Tofauti ya waume na wake iliyobaki kwenye data ndiyo inayotumika kutafuta w, na kabla yake lazima uondoe waume walio mbali, vinginevyo w itakuwa kubwa kupita ukweli.

Waume walio mbali wamepewa hali yao wenyewe. Mke yuko hapa mjini, komine ya Katuba au ya Kenya, mume yuko mgodini Kolwezi. Bila hali hiyo programu inamwona mke hana mume hapa mjini, inamrudisha sokoni na kumwoza tena. Katika hali mpya ndoa inabaki, uzazi unapungua kwa kizidishi kimoja, na mume anaweza kurudi, kufa au kuachana. Kizidishi hicho ndicho kigezo tunachokiamini kidogo kuliko vyote, kwa hiyo kila matokeo yanatolewa kwa 0.3, 0.5 na 0.7 pamoja.

Jaribio la mwisho lililokamilika ni la umri wa kisheria. Kanuni ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa kuanzia 15 na mvulana kuoa kuanzia 18. Sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016 imeweka 18 kwa wote. Tuliinua wastani wa wanawake kwa mwaka mmoja ndani ya miaka mitano, wanaume wakibaki walivyo. Pengo linashuka hadi miaka 4 na uwiano unapanda kutoka 0.887 hadi 0.914, yaani wanaume 91 kwa wanawake 100. Lakini wakati umri unapanda kwa 0.2 kila mwaka, ndoa za kwanza za mwaka zinapungua karibu 20%, kisha zinarudi umri ukitulia. Anayesoma rejista katika miaka hiyo mitano ataona anguko na anaweza kutangaza kwamba vijana wameikataa ndoa, wakati wanaolewa walewale, mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo kila grafu ya ndoa inayotoka kwenye modeli sasa inachapishwa pamoja na mstari wa umri wa wastani chini yake.

Yaliyo mezani kwa toleo 0.6: kutenganisha P ya ndoa ya kwanza na P ya wajane na waliotalikiana, kwa sababu mwanaume mjane wa miaka 40 hatafuti kama kapera wa 27, kuweka ucheleweshaji kati ya posa na kukaa pamoja, kwa kadiri mahari inavyochukua muda kukamilika, na kuunganisha Lubumbashi na Kolwezi katika modeli moja ya masoko mawili, ili mwanaume anayetoka kwenye jedwali moja aingie kwenye lingine badala ya kutoweka.